Lita ya Mama Mkwe

Pale gare, stesheni ya treni ya Kamina, ukimwulizia Amédée Ngandu, utasimama hadi miguu iume. Ulizia Soixante. Hapo hata mama muuza karanga atakunyooshea kidole: yule pale, mwembamba, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwa kali, anaifuta pikipiki yake kwa fulana kuukuu kama anayemwandaa bibi harusi.

Soixante ni sitini kwa Kifaransa, na sitini ndizo kilomita ambazo pikipiki ya Amédée ilikwenda kwa lita moja ya mafuta. Ndivyo alivyosema yeye, na alisema kila siku, kwa abiria, kwa polisi, na hata kwa padri aliyekuja kumwuliza habari za ubatizo wa mtoto. Pikipiki zetu sisi, za aina ileile, zilikwenda thelathini na kitu, na mchanga wa Kamina ukizidi, hata thelathini hazifiki. Mimi naitwa Muteba. Naegesha karibu naye mwaka wa tisa sasa, na nakiri mapema kwamba zile sitini zilinikera.

Si kwamba hakujua kubana mafuta. Akiona mteremko, anazima injini. Kwenye kilima cha mchanga anamshusha abiria. "Mama, ushuke kidogo, moto ipumuke," anasema, maana pikipiki kwetu huitwa moto. Mama wa watu anapanda kilima kwa miguu, mzigo kichwani, na kule juu anamkuta Amédée anamngoja akitabasamu kama aliyemfanyia fadhila. Breki aliigusa kwa shingo upande. Alisema kufunga breki ni kumwaga mafuta uliyokwisha kununua. Upepo ukivuma kutoka mbele alilala juu ya tangi, na abiria naye akaamriwa kulala mgongoni mwake, hata kama ni mke wa mchungaji.

Kwa kuwa mita ya kilomita ilikufa zamani, alipima kwa reli. Kando ya reli kuna njia ya miguu, na kila kilomita ina kibao chake. Alifuata njia hiyo akihesabu vibao, thelathini kwenda na thelathini kurudi, mpaka injini ikakohoa na kunyamaza. Alifanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu alinibeba mimi niwe shahidi. Vibao nilivihesabu mwenyewe. Vilikuwa sitini. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikagombana na mke wangu Kyabu kwa sababu ya chumvi.

Kitu kimoja tu Amédée hakukipima, nacho ni lita yenyewe.

Mafuta yake yalitoka kwa mama Kabedi, mama mzazi wa mkewe Masengo. Mama Kabedi ni khadafi. Ndivyo tunavyowaita wanaouza mafuta kwa chupa kando ya barabara. Meza yake iko pale reli inapokata barabara, si mbali na nyumba ya Amédée. Lakini kwetu Waluba kuna buko. Mwanamume na mama wa mkewe hawasogeleani, hawatazamani, hawali pamoja, hawasemezani ana kwa ana. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini hadi mwenzake apite. Watu wa kutoka mbali hudhani ni ugomvi, kumbe ni heshima. Amédée aliishika heshima hiyo kwa mikono miwili. Alikuwa anazunguka nyuma ya soko ili asipite mbele ya meza ile, akiisukuma pikipiki, bila shaka.

Kwa hiyo kila asubuhi Masengo ndiye aliyekwenda na kidumu cha manjano, kile kilichowahi kuwa cha mafuta ya mawese. Mama yake alikijaza lita moja, yeye akarudi nacho, na Amédée akakimimina tangini. Ukikitazama kidumu kile kwa nje huwezi kujua kilichomo. Na kuichukua lita ya mama mkwe ukaipima upya kwa chupa yako ni sawa na kumwita mwizi. Hakuna mkwe anayefanya hivyo, na Amédée hakuwahi hata kuwaza hivyo.

Siku moja tu, akiwa safarini upande wa Luena, alinunua lita kwa mtu mwingine. Ikaisha kwenye kilomita ya arobaini. Alirudi akaitangazia gare nzima.

"Mafuta ya bale bantu iko na pétrole ndani," alisema. "Ya mama-mukwe njo iko safi."

Sisi tulitikisa vichwa, tukalaani watu wanaochanganya mafuta ya pikipiki na mafuta ya taa.

Sasa, mwaka jana wakati wa kiangazi, Xavier, muuguzi mkuu wa kituo cha afya, alitafuta dereva mmoja wa kupeleka sanduku la dawa na chanjo vijijini kila Jumanne. Safari ni kilomita mia moja na ishirini, kwenda na kurudi. Ilikuwa kazi ya kudumu. Atakayeipata hatagombania tena abiria kila treni inapoingia, na treni kwetu huingia siku inayojisikia. Wote tuliitaka, lakini Amédée aliihitaji kutushinda sisi, maana Masengo alikuwa na mimba ya mtoto wa tano na mvua zikianza huingia ndani ya nyumba yao.

Xavier alikuja na karatasi moja. Kila dereva aandike pikipiki yake inakwenda kilomita ngapi kwa lita. Mwenye namba kubwa anachukua kazi, na mafuta atapewa kulingana na namba yake, wala hataongezewa. Hénoch aliandika thelathini na nane. Lumbu aliandika thelathini na tisa. Mimi niliandika arobaini. Amédée aliandika sitini, akapiga mistari miwili chini yake.

Xavier aliitazama ile sitini, kisha akanigeukia mimi.

"Muteba, ile ya Amédée iko ya kweli?"

"Nilihesabu vibao minyi mwenyewe," nikajibu. Ningesema nini tena? Niliisema kweli, na iliniuma.

Jumanne ya kwanza, saa moja asubuhi, tulikwenda sote kituoni kumwona akiondoka. Sitaficha kwamba mimi nilikwenda nikiomba mnyororo wake ukatike. Xavier alikuwa amelikausha tangi kabisa, ili hesabu iwe safi. Akachukua jagi la kupimia lenye mistari, akamimina lita mbili. Sitini mara mbili ni mia moja na ishirini. Sanduku la chanjo, lenye barafu ndani, lilikuwa tayari limefungwa nyuma ya kiti.

Hapo mama Kabedi akatokea langoni. Alikuwa anatembea kinyumenyume.

Alikuja hivyo, hatua kwa hatua, chupa ya mafuta mkononi, akiongozwa na binti yake Masengo, aliyempelekea habari za zile lita mbili na sasa amemshika kiwiko. Amédée alipotambua ni nani, aligeuka upesi akautazama ukuta. Mwishowe wakasimama wamepeana migongo, pikipiki katikati yao, na sisi pembeni hatujui pa kuweka macho.

"Weye moto," mama Kabedi akasema, "unisikilize. Minyi sisemi na muntu. Minyi nasema na weye."

Aliendelea, uso wake bado ukielekea langoni.

"Banakutuma mu pori na litre mbili. Itakuishia mu njia. Ile dawa itaharibika, na bwana ya mutoto yangu atarudia na miguu. Juu weye hauendake soixante. Weye unaendaka quarante. Kila asubuyi minyi natiaka mu kile kidumu litre moya na nusu. Iko miaka saba sasa."

Hénoch alikohoa ili asicheke. Mimi, Mungu anisamehe, nilisikia furaha inanipanda kutoka tumboni. Niligawanya haraka kichwani: sitini kwa moja na nusu, arobaini, ndiyo quarante. Miaka yote ile nilikuwa nimeshindwa na nusu lita ya mama mmoja mwenye meza.

Xavier, ambaye si mtu wa huku, alimgeukia mama Kabedi, kisha akaona afadhali aitazame pikipiki kama wengine.

"Lakini mama, juu ya nini ulikuwa unafanya vile?"

"Moto, uambie chef," akasema mama Kabedi. "Wakati bwana yangu, papa Kabwe, alikuwa mugonjwa ya muguu, nani alikuwa anamubeba ku hôpital? Kila wiki mara mbili, mwaka muzima. Na mafuta ilikuwa imekosa mu muji. Njo pale mukwe yangu alianza kuzima moteur ku mutelemuko, juu mafuta ifike. Bwana yangu alikufa. Minyi nilitaka kusema aksanti. Buko inakataza. Basi ile aksanti naitiaka mu kidumu."

Furaha yangu ilikwisha hapo hapo. Nilikuwa nimemwona mzee Kabwe juu ya pikipiki ile, mguu wenye bendeji umenyooshwa pembeni, na Amédée akishuka mteremko injini imezimwa. Nilicheka siku ile. Nilimcheka kwa miaka saba baadaye, na hata mara moja sikumwuliza alijifunza wapi.

Xavier aliitoa karatasi mfukoni.

"Amédée, sasa tuandike ngapi?"

Ungemwona Amédée. Jasho lilitoka chini ya ile kofia ya sufu. Angeweza kusema kwamba mama amezeeka, kwamba anakosea kupima. Angebaki na kazi yake na jina lake. Lakini hiyo ingekuwa kumwita mama mkwe mwongo mbele ya watu, tena mama mkwe aliyekuja kinyumenyume kutoka kwenye meza yake hadi hapo. Na akisema arobaini, kazi inaweza kwenda kwa mwingine, maana arobaini nyingine ilikuwa imeandikwa palepale, ya kwangu.

Aliikaribia pikipiki bila kugeuza uso.

"Weye moto," alisema kwa sauti ndogo, "ujibu ule mwenye alikuja. Umuambie nilisikia yote."

Akachukua kalamu, akaikata sitini pamoja na mistari yake miwili, akaandika arobaini. Masengo aliuma midomo.

"Basi iko ba quarante mbili," akasema Xavier. "Amédée na Muteba. Muteba, weye ulipima namna gani?"

Ukweli ni kwamba sikuwahi kupima. Pikipiki yangu siku njema inakwenda thelathini na tano, tena abiria akiwa mwembamba. Niliongeza tano kwa sababu nilijua Hénoch naye ameongeza. Kila dereva huongeza. Tukiulizwa tunasema ni makadirio. Hakuna mtu pale ambaye angenikamata. Xavier alikuwa ananingoja, na mbele yangu ulikuwepo mgongo wa mama Kabedi, kitenge chake kimeingia vumbi la njia nzima.

"Unipe kalamu," nikasema.

Niliandika thelathini na tano. Hénoch alinitazama kwa hasira, kisha akaja akaandika thelathini na nne. Lumbu alikuwa wa mwisho, akaeleza kwa kirefu habari za plagi na mchanga, akaandika thelathini na mbili. Xavier alicheka hadi akaegemea ukuta. Alipomaliza kucheka aliipitia karatasi upya, na namba iliyozidi zote ilikuwa ni arobaini ya Amédée. Ile mbinu yake ya kuzima injini, ya kulala juu ya tangi, ya kuwashusha akina mama vilimani, ilikuwa imefanya kazi yake muda wote. Alikuwa anatushinda sote kwa haki, na hakujua kwa sababu alidhani anatushinda maradufu.

Xavier alimimina lita ya tatu kwenye tangi. Mama Kabedi aliiweka chupa yake chini, akageuza hatua zake, na sasa aliweza kutembea kawaida kwa kuwa Amédée alikuwa nyuma yake. Amédée alingoja hadi mama apite lango, ndipo akaiokota ile chupa, akaifunga vizuri kando ya sanduku, akaondoka. Alirudi saa kumi jioni, chanjo zimefika zikiwa baridi. Siku hizi gare nzima inamwita Quarante, na anaitika.

Mimi siku ile nilirudi nyumbani mchana nikamsimulia Kyabu habari yote, nikicheka sehemu za kuchekesha na kuziruka zile nyingine. Alikuwa ameketi mlangoni anachagua maharagwe. Sasa, mama yake Kyabu anauza makaa, na sisi hununua gunia kwake kila mwezi. Nikamwuliza kwa utani kama mama yake naye hutujazia gunia kupita kipimo.

"Hapana," akasema Kyabu. "Iko kipimo tu."

"Juu ya nini?"

Alitupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharagwe, akanitazama.

"Weye ulimufanyiaka nini?"

Nilitoka nje kwenda kuikagua pikipiki, ambayo haikuwa na shida yoyote.