Siku ya Kuhesabiwa Kituoni

Mume wangu haoni tangu akiwa na miaka saba, na muda wote niliomjua amefanya kazi ya kupokea simu kwenye ofisi moja mjini. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaani kwetu, huku Temeke, wanadhani nilipigania kituo cha treni kwa kupenda uongozi. Uongozi naupenda, sikatai. Lakini kituo nilikipigania kwa ajili yake.

Chenyewe si kituo cha kujivunia: jukwaa la zege, bati la kujikinga na mvua, na kibao ambacho maandishi yake yamefutwa na jua. Treni ya abiria ilikuwa ikisimama pale asubuhi na jioni. Mume wangu alitoka mlangoni na fimbo yake, akafuata ukuta wa msikiti, akavuka mtaro kwenye ubao, akapinda penye mashine ya kusaga, akanyoosha mpaka jukwaani. Hakuhitaji mtu. Treni inasimama leo palepale iliposimama jana, na mwisho wa safari wote wanashuka. "Mle ndani," aliniambia siku moja, "mie ni abiria tu."

Kisha likabandikwa tangazo kwamba abiria wa kituo chetu ni wachache na treni haitasimama tena. Ikawa inapiga honi na kutupita.

Hapo nikaanza kumpeleka kazini. Magari mawili kwenda, mawili kurudi, mkono wangu umekamata kiwiko chake, konda anapiga kelele, "Mpisheni kipofu huyo!" na mume wangu anauma meno. Nilichoka, lakini kilichoniuma si uchovu. Mwanamume niliyeolewa naye kwa ajili ya maneno yake alianza kunyamaza. Jioni moja akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama genge langu la nyanya na vitunguu lingeweza kutulisha sote, maana alikuwa anafikiria kuacha kazi. Nikamwambia asubiri kwanza. Nilikuwa na hasira hata nikaunguza maharage.

Tukaunda kamati. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, jirani yetu, mtu wa suti hata wakati wa joto. Mimi nikawa katibu. Tulipita nyumba kwa nyumba kukusanya saini, tukaandika barua, tukazipeleka, tukaambiwa tuje wiki ijayo, tukaja, tukaambiwa mhusika yuko safarini. Katika ofisi moja niligombana na mtu wa mapokezi mpaka mwalimu akanivuta ushungi. Nikirudi nyumbani mume wangu ananidhihaki: "Katibu, leo umemtoa nani roho?"

Baada ya miezi mingi jibu likaja. Asubuhi moja treni ingesimama kwetu kwa majaribio, na maofisa wawili wangekuwepo kuona kama kweli kituo kina abiria.

Mtaa mzima ulisikia neno moja tu: wageni. Na sisi tunajua kupokea wageni, hasa wageni wenye mamlaka. Tukakodi turubai na viti. Tukakodi spika. Akina mama tukanunua khanga za sare. Tukapanga nani atakaanga sambusa, nani ataleta soda, nani atakaa meza kuu. Mwalimu akaniagiza risala, nikaandika kurasa tatu. Ukurasa wa pili wote ulimhusu mume wangu, bila kumtaja jina: mlemavu wa macho, mchapakazi, anayeteseka kila uchao kwa kukosa usafiri. Nilimsomea usiku wa kuamkia siku hiyo. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nzuri," akasema. "Ila mie kesho nitakuwa naenda kazini."

Nilimsikia, lakini akili yangu ilikuwa kwenye sambusa.

Wageni walifika mapema, bwana mmoja wa makamo na dada mmoja aliyebeba daftari. Dada alitaka kusimama jukwaani. Tukamkatalia, tukamwambia jua kali, tukamketisha meza kuu na soda mbele yake. Mwalimu akakaribisha. Ngoma ikapigwa. Nikashika kipaza sauti, nikaanza kusoma.

Nilikuwa kwenye ukurasa wa pili treni ilipoingia. Vigelegele vilipasuka. Nikapaza sauti ili kelele zisinizidi, na nikawaona wageni wakitikisa vichwa kwa huruma. Kwa pembe ya jicho niliona mabehewa yamesimama, milango wazi. Nilijisikia vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu. Treni ikakaa dakika zake, ikapiga honi, ikaondoka. Tukaipigia makofi.

Hakuna aliyepanda. Wenye safari za mjini wote walikuwa wameomba ruhusa kazini siku hiyo ili waje kupokea wageni.

Dada wa daftari alinifuata nilipomaliza. "Mama, risala yako imenigusa, wallahi. Lakini mie nimetumwa kuhesabu wanaopanda. Waliokaa kwenye viti siwezi kuwaandika." Akanionyesha ukurasa. Ulikuwa mweupe.

Nikamtafuta mume wangu. Nilimkuta nyuma ya turubai, amevaa shati la kazi, mkoba begani. Tulikuwa tumesimamisha turubai kati ya mashine ya kusaga na jukwaa, juu ya njia yake hasa, na kila alipojaribu kuzunguka alikutana na viti au kamba. Spika zilikuwa zinalia kila upande, hakuweza kujua treni iko wapi. Alichosikia vizuri ni sauti yangu, ikiwaeleza watu jinsi anavyoteseka.

"Umesoma vizuri," akaniambia.

Hakuwa ananikejeli, na ndiyo maana iliniuma. Niliona aibu ambayo hata leo nikiikumbuka masikio yanawaka. Nikaenda nikamshika dada mkono, nikamleta pale nyuma, nikamwambia, "Abiria wako huyu hapa. Aliyemzibia njia ni mie."

Dada akamwamkia, "Shikamoo baba." Mume wangu akaitikia, kisha akamuuliza kama treni ilikuwa na mabehewa mengi. Wakazungumza wawili wale kuhusu mabehewa, mimi nimesimama na risala yangu. Hakuandika chochote kwenye daftari. Lakini kabla ya kuondoka yule bwana wa makamo alimwambia mwalimu kwamba watajaribu mara moja tena, na safari hiyo hawataki hata maji ya kunywa.

Mara ya pili tulipanda. Tulipanda wote, mwenye safari na asiye na safari. Bibi mmoja ambaye kwa kawaida hafiki hata sokoni alikwenda mpaka mjini, akazunguka, akarudi na treni ya jioni akilalamika kwamba hakuna cha kuona kule. Mwalimu alipanda na suti yake. Wiki kadhaa baadaye tangazo jipya likabandikwa: treni itasimama, asubuhi na jioni.

Siku ya kwanza mume wangu aliniaga mlangoni. Nikamwambia Mungu amtangulie. Kisha nikajifunga khanga, nikamfuata kwa mbali, nikapanda behewa la mwisho. Nilijiambia nataka tu kuona. Kituo cha mwisho nilisimama kando ya nguzo, watu wakashuka, naye akaja katikati yao, fimbo mbele, anatembea kwa mwendo wao. Alipita karibu nami kabisa. Kola yake ilikuwa imejikunja upande mmoja. Mkono wangu uliinuka wenyewe kwenda kuinyoosha, nikaurudisha. Akaenda zake, na mimi nikalia hapo kwenye nguzo, kwa furaha na kwa kitu kingine nisichokipenda sana, kwamba hakunihitaji.

Jioni alinisimulia safari yote: nani alikaa pembeni yake, walibishana nini kuhusu mpira. Alisema mengi kuliko aliyosema mwaka mzima. Nikawa naitikia, "Ehee? Halafu?" kama mtu ambaye hakuwepo. Akamaliza kula, akanawa mikono, akajifuta.

"Kesho usije," akasema.

Kesho yake sikwenda. Nilibaki barazani na sinia la mchele, nachagua mawe. Treni ikaja, ikasimama, ikaondoka naye.