Ndege Nzima kwa Mpira wa Ukubwa wa Bangili

Saa tano asubuhi, katika kiwanja cha ndege cha Garissa, bawa la ndege ndogo lina joto la kukaangia yai. Yarow Nunow, mjaza petroli wa kiwanja, amepiga magoti juu yake, ametandika gunia, na amekishika kifuniko cha tangi la petroli kwa viganja viwili kama mtu anayempima mtoto homa.

Kifuniko hakizunguki.

Chini amesimama Koricha, mchanja ng'ombe wa idara ya mifugo, amekumbatia sanduku la bati. Ndani mna chanjo ya sotoka iliyozungukwa na barafu ya Nairobi, nayo barafu inadondokea viatu vyake tone moja moja. Huko Hadado, upande wa Wajir, ng'ombe wanakufa. Dawa ikipata joto njiani si dawa tena, na ndege haiwezi kufika Wajir bila kujazwa petroli hapa.

Rubani, Mzungu mwenye haraka, ameshatoa bisibisi.

"Rudisha mfukoni, bwana," Yarow anamwambia bila kugeuka. "Ukiuchana mpira, ndege inalala hapa. Mwingine uko Nairobi."

Mpira wenyewe ni pete nyeusi isiyozidi bangili ya mtoto. Hukaa chini ya kifuniko ili petroli isifyonzwe na upepo angani, na vumbi na maji yasiingie tangini. Ulifungwa katika baridi ya alfajiri ya Nairobi; jua la Garissa limeulainisha, ukanata na kung'ang'ania chuma. Chombo kinachovuka kwa saa chache nchi ambayo ngamia huivuka kwa siku nyingi, kimeshikwa na kitu kidogo hivyo.

Yarow analowesha kitambaa kwa maji yake ya kunywa, anakitandika juu ya kifuniko, kisha anaketi kusubiri kipoe.

Koricha anauliza kama samli kidogo isingesaidia. Yarow anacheka mpaka bawa linatikisika.

Samli ndiyo iliyomfundisha kazi. Alipoajiriwa mwaka 1945, akitoka kuchunga ngamia wa baba yake, alikuta mpira unanata. Akaupaka samli, kama mama yake, Arbia, alivyolainisha vifuniko vya vyombo vya maziwa. Alijiona fundi. Kesho yake mpira ulikuwa umevimba kama mdomo ulioumwa na nyuki. Ndege ilikaa siku tatu, naye akafukuzwa.

"Nilidhani kila kinachofunikwa ni maziwa," anasema.

Mwezi mzima alikuja kila asubuhi kusimama nje ya uzio, akiwatazama mafundi, hadi wao wakachoka kutazamwa wakamrudisha.

Sasa anaondoa kitambaa. Anasema Bismillahi, anabana, anazungusha polepole. Kifuniko kinaachia kwa sauti ndogo, kama ndama anayebanduliwa kwenye chuchu. Mpira ni mzima.

Petroli inapojazwa, anaufuta kwa kitambaa kikavu, anaupitishia ukucha kutafuta nyufa, kisha anautia tone la mafuta ya nyonyo, ambayo hayavimbishi mpira wala petroli haiyaondoi upesi. Analifuta mpaka ubaki mng'ao tu.

"Si ndiyo yale ya zahanati?" Koricha anauliza.

"Ndiyo hayo. Ndege ilikuwa imefunga choo."

Rubani anatafsiriwa mzaha huo, naye anacheka.

Ndege inapopaa na Koricha na sanduku lake, watu wote wanapunga mikono. Yarow hapungi. Anatazama nyuma ya kifuniko kama kutatokea ukungu mweupe wa petroli inayovuja. Hautokei.

Alasiri inaletwa habari kwa simu ya upepo kutoka Wajir: barafu iliyobaki ni kama yai la kuku, na dawa ni baridi. Lori limeshaondoka kwenda Hadado.

Kwa miaka tisa Yarow amefunga vifuniko zaidi ya elfu mbili kwa hesabu yake, na hajapanda ndege hata mara moja. Rubani amemwahidi kiti cha kwenda Rhamu, mpakani kaskazini, mvua zikikatika. Nyumbani wanabishana atatazama nini kutoka huko juu: mto Daua, au makundi ya ngamia.

"Nitakaa dirishani nikitazame kifuniko changu," anasema. "Hapa chini nimekiona sana. Sijakiona kikiwa kazini."