Samli Kwenye Cheni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Sijivunii, lakini sitajificha, maana ninalotaka kulisimulia nililifanya kwa mkono wangu, mchana kweupe, mbele ya watu.

Baba aliuza maksai wake wawili wa kulimia ili mimi ninunue pikipiki. Akabaki na ng'ombe mmoja wa maziwa, na huyo alimkamua mwenyewe kila alfajiri, kwa sababu mama alikuwa ameshafariki na ng'ombe yule hakukubali mkono wa mtu mwingine. Alikuwa na visirani, anapiga teke ndoo hata kwa jirani aliyemzoea. Maziwa yale ndiyo yaliyonunua sabuni, chumvi na dawa ya kifua cha baba. Kule Kishapu, mvua zikigoma na pamba ikidumaa, nyumba yetu ilisimama juu ya mikono ile miwili tu.

Mimi nikaipeleka pikipiki Geita, kwenye dhahabu. Kazi yangu ilikuwa kubeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, hadi kwenye karasha, mashine ya kusagia. Pikipiki ikiwa kama ilivyotoka dukani haiwezi kazi hiyo. Nikipakia viroba vitatu, ilifika katikati ya kilima ikazima. Fundi mmoja akanishauri nibadilishe sproketi, vile vigurudumu vya meno vinavyozungusha cheni. Mbele alitoa ya meno kumi na tano akafunga ya kumi na tatu, nyuma akatoa ya arobaini na mbili akafunga ya arobaini na nane, na cheni akaninunulisha ndefu zaidi. Tangu siku hiyo ilivuta kama punda, na mbio zake zikawa za punda vilevile. Kwenye lami ilipiga kelele nyingi na kwenda kidogo. Sikujali, mawe hayana haraka.

Shida ikawa cheni. Sproketi ndogo huikunja zaidi, na vumbi la mawe huila. Ya kwanza ilikatika kabla ya miezi miwili, nikaisukuma pikipiki na mzigo wake huku wenzangu wakinizomea. Nikajifunza. Cheni mpya hufungwa na sproketi mpya zote mbili, la sivyo meno yaliyochakaa yataitafuna. Oili chafu ya injini, ambayo kila mtu kule huimwagia cheni yake, hukamata vumbi ikawa msasa. Unaosha kwa mafuta ya taa, unafuta mpaka ikauke, halafu unadondoshea oili nzito kidogo tu upande wa ndani. Na kila asubuhi unaisukuma kwa vidole. Ikicheza zaidi ya upana wa vidole viwili, unaikaza. Wenzangu walibadilisha cheni mara tatu mimi nikibadilisha mara moja. Nikawa na majivuno ya kijinga, na aliyeigusa pikipiki yangu nilimtukana hadi ukoo.

Shangazi alipofariki nilirudi nyumbani msibani. Cheni ilikuwa mpya, ina wiki moja. Nilikuwa nimeiosha jioni nikaiacha ikauke, nipake oili asubuhi kabla ya kuondoka.

Asubuhi nilimkuta baba amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma na kibuyu cha samli. Kwetu, kamba za ngozi za kufungia nira hupakwa samli ili zisikauke na kupasuka, na mzee akikupakia za kwako kabla ya safari, amekubariki. Yeye aliona cheni kavu. Alikuwa ameipaka yote, pingili kwa pingili, samli ya ng'ombe wake. Upepo ulikuwa umeshaleta vumbi, na sisimizi walikuwa wanapanda kwenye tairi.

"Ilikuwa imekauka, ng'wana wane, mwanangu," aliniambia, akitabasamu. "Sasa itakufikisha."

Nikamwambia, "Mzee, umechanganyikiwa? Hii ni ng'ombe? Ina pembe?"

Watu wa msiba waligeuka. Baba mdogo aliniita kwa sauti ya kunionya. Sikumsikiliza. Niliisimamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, gurudumu la nyuma likawa hewani, nikaweka mbele ya baba kopo la mafuta ya taa na kitambaa. "Umeipaka wewe, utaiosha wewe."

Nilitegemea akatae. Kama angenizaba kofi, ningenyamaza. Lakini alipiga magoti, mzee yule, wake za kaka zangu wakitazama, akaanza kufuta pingili moja moja, polepole, kwa adabu, kama mgeni aliyevunja kikombe. Ule upole ndio ulionitia wazimu.

"Usiikamue!" nikamfokea, zikiwa zimebaki pingili chache. "Shika kitambaa, mimi nazungusha." Nikalikamata gurudumu nikalizungusha kwa nguvu zangu zote.

Kitambaa kilinasa. Cheni ilikivuta, na vidole vyake viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vikaingia kati ya cheni na meno arobaini na nane. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Aa," kama mtu aliyekumbuka kitu.

Nilimpakia nyuma, mkono umefungwa khanga, tukaenda hospitali ya Kolandoto. Nilikamua mafuta mpaka mwisho. Injini ililia, na pikipiki haikwenda. Mabasi yalitupita, magari yalitupita, damu ya baba ikilowesha mgongo wa shati langu, na mimi nimekalia mashine niliyoitengeneza kwa ajili ya mawe. Nililia njia nzima, na yeye aliniambia nisilie, nitazame barabara.

Muuguzi alimuuliza kilichotokea. Baba alinitazama mara moja, akamjibu, "Kamba ya maksai. Nilikuwa nafunga nira, wakashtuka."

Hakuwa na maksai. Nilisimama pale nikamwachia uongo wake aubebe peke yake.

Vidole havikupona. Ng'ombe aliukataa mkono uliobaki, aliupiga mateke mpaka maziwa yakakauka, na baba akamuuza mnadani. Sasa anakula ninachomtumia, na kila nikituma ananipigia simu kusema wabeja, asante, kama mtu baki.

Cheni ile ilidumu kuliko zote nilizowahi kufunga. Alikuwa ameiosha vizuri mno. Na kila asubuhi kabla ya kupakia mawe nilichuchumaa, nikaweka chini yake kidole cha shahada na cha kati, nikapima.