Siku Baba Alipokunywa Mbele ya Shaushi

Haijanitoka kichwani, mwanangu, asubuhi ile ya askari, ingawa siku hizi nasahau hata nilipoweka ufunguo. Kaa hapo, chukua buni za kahawa utafune, wala usiniharakishe. Nikiharakishwa naruka mambo, halafu mnasema bibi amezeeka.

Nilikuwa kigori, nimeshaanza kuposwa. Tulikaa Kafuro, mwendo mfupi kutoka Bweranyange, palipokuwa na jumba la wafalme wa Karagwe. Zamani Kafuro palijaa Waarabu na Waswahili wenye vitambaa na pembe za ndovu. Wengi walikuwa wameshaondoka, baba akabaki. Asili yake ilikuwa Bagamoyo. Alikuwa na duka la nguo, shanga na chumvi, na ubavuni mwa duka alijenga msikiti wa matete. Hapo alisomesha watoto Kurani na kuongoza sala ya Ijumaa, ndiyo maana watu wote, hata wasiosali, walimwita Maalim. Mama alikuwa Mnyambo wa Bweranyange, na kaka yake, mjomba wangu, alikuwa mmoja wa watunza vitu vya ufalme.

Vitu gani? Ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe ndefu, na nyundo za chuma za ufalme. Kwa watu wa huku, asiyekuwa na hivyo si Mukama, si mfalme, ni mtu amekalia kiti tu. Na miaka ile ya Mdachi, Mukama wetu alikuwa bado mtoto. Bwana mkubwa wa Kidachi alikuwa amesikia habari za vile vyuma na akavitaka. Akatangaza kwamba atakayekutwa navyo atanyongwa. Hayakuwa maneno ya kutishia watoto, mwanangu. Watu walishanyongwa kwa makosa madogo kuliko hilo.

Mjomba akaja kwa baba. "Shemeji, kwangu watapekua kwanza. Kwako hakuna atakayedhani."

Baba hakuwa mtu wa ufalme ule, wala hakuwa na cha kufaidi. Nilijua atakataa. Aliuliza jambo moja tu, kama vyuma vile vinaabudiwa. Mjomba akamjibu, "Haviabudiwi. Ndiyo kumbukumbu yetu, hatuna nyingine."

"Basi vilete," baba akasema.

Mahali pa kuficha alichagua mama. Wewe umelelewa mjini, kwa hiyo nikueleze. Kila ua wa Mnyambo una shimo la kuivishia ndizi za pombe. Unachimba, unalipasha moto, unapanga ndizi, unafunika kwa majani ya mgomba na udongo, na baada ya siku chache ndizi zimelainika, tayari kukamuliwa rubisi. Udongo mbichi juu ya shimo kama hilo haumshangazi mtu yeyote. Mama akachimba nyuma ya jiko, akaenda chini sana. Vyuma vikalazwa vimefungwa ngozi, juu yake ndizi za kweli kabisa. Tukajiona wajanja. Hakuna aliyekumbuka, si mama, si mjomba, si mimi niliyebeba majani, kwamba lile shimo la pombe tumelichimba nyumbani kwa mtu anayesalisha watu.

Askari walikuja umande haujakauka. Bwana mkubwa alibaki njiani juu ya punda wake akivuta kiko. Aliyeingia uani na askari ni shaushi, ndivyo alivyoitwa sajini wakati ule. Alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Ijumaa iliyotangulia alikuwa amesali nyuma ya baba, na baada ya sala akala kwetu ndizi na maharage, akamsifu mama kwa mapishi.

"Asalaam aleikum, Maalim. Unisamehe, ni amri."

"Waaleikum salaam. Fanya kazi yako, bwana shaushi."

Askari walikuwa na fito za chuma, wanachoma ardhi popote penye udongo laini. Walichoma dukani, walichoma chini ya vitanda vyetu, walichoma hata msikitini. Kisha mmoja akazunguka nyuma ya jiko. Nikasikia, "Shaushi! Hapa panaingia!"

Tukaenda wote. Ufito ulikuwa umesimama katikati ya shimo. Mama akawahi kusema, "Ndizi hizo, bwana. Zinaiva. Za kaka yangu, za pombe."

Shaushi alimtazama mama, akamtazama baba, akalitazama shimo. Macho yake yalibadilika, na hapo ndipo nami nilipoliona kosa letu.

"Kaka yako hana ua wake?" akauliza. "Hana hata pa kuchimbia shimo, mpaka aje kuivishia pombe kwa Maalim? Haya, mwiteni huyo kaka."

Jina la mjomba walikuwa nalo tayari, wakimtilia shaka. Akiletwa pale, shimo lingefukuliwa mpaka chini, na wangenyongwa wawili, yeye na baba. Mama alikuwa ameshika ukingo wa khanga yake, anausokota. Majirani walikuwa wamejaa kwenye uzio, na wengi wao ni wazazi wa watoto waliosoma kwa baba.

"Usimwite," baba akasema. "Mke wangu ananisitiri tu. Ndizi ni zangu."

"Zako? Za nini?"

"Za pombe. Mimi nakunywa."

Mtu mmoja kwenye uzio akasema "Astaghfirullah." Shaushi akacheka, lakini hakuwa na furaha hata kidogo.

"Maalim, Ijumaa nimesali nyuma yako."

"Najua."

"Basi kunywa nikuone." Akanigeukia mimi. "Wewe binti, nenda kwa jirani ulete rubisi. Na usinichezee, nitainusa mwenyewe kabla hajaigusa."

Jirani yetu Kokugonza alikuwa ameshasikia yote. Nilimkuta amesimama mbele ya vibuyu vyake viwili. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nikupe ipi, mwanangu? Ya leo ambayo ni maji matamu tu, au ya juzi?"

Alikuwa ananionyesha mlango wa kutokea. Ile ya leo haijachacha, haina dhambi, baba angeinywa na Ijumaa akasalisha. Lakini shaushi alikuwa amekaa nchi hii miaka ya kutosha, pua yake isingedanganyika. Nikibeba tamu, baba anakufa. Nikibeba ya juzi, ninampelekea baba yangu haramu kwa mikono hii miwili, mikono aliyoifundisha yeye kushika msahafu. Nilisimama pale, na kutoka uani nikasikia shaushi anaita, "Binti! Umekwenda kuipika?"

"Ya juzi," nikasema. Kokugonza akajaza kibuyu bila kunitazama.

Shaushi alinusa, akakunja uso, akampa baba. Sasa jambo lililokuwa linanitisha ni hili: mtu ambaye hajawahi kunywa hujulikana kwa funda la kwanza. Hukohoa, hufumba macho. Na shaushi alikuwa amesogea karibu, analitazama koo la baba. Yule askari naye alikuwa bado ameegemea ufito wake. Angeusukuma kidogo tu, ungegonga chuma na sote tungesikia.

Baba alikaa juu ya gogo la kupasulia kuni, akatanua magoti. Miaka yote ile ya kuuza chumvi alikuwa amewatazama wanywaji kuliko nilivyodhani. Alipuliza makapi ya mtama yaliyoelea mpaka yakakaa pembeni, akanywa funda refu, akapumua. Uso haukubadilika. "Kokugonza safari hii ametia mtama mwingi," akasema, kisha akaendelea. Aliendelea mpaka kibuyu kikawa kitupu. Halafu akamgeukia askari wa ufito kwa hasira ya mlevi anayelinda chake.

"Na wewe ondoa huo mchuma wako! Unanichafulia ndizi."

Askari wakaangua kicheko. Aliyeushika akauchomoa. Shaushi hakucheka. Alitema mate karibu kabisa na miguu ya baba, na bwana mkubwa alipopaza sauti kule njiani kuuliza kuna nini, akamjibu, "Hamna kitu, bwana. Mlevi tu."

Wakaenda zao. Baba alibaki juu ya gogo mpaka kishindo cha viatu kikapotea. Kisha alitapika nyuma ya nyumba, akaoga, akavaa kanzu safi, akaenda hadi mlangoni mwa msikiti alioujenga mwenyewe. Hakuingia. Alikaa chini nje.

Sala ya adhuhuri ilisalishwa na Juma, kijana aliyefundishwa alif na baba. Kuanzia siku ile baba alisali safu ya nyuma. Watoto waliondolewa kwenye chuo chake cha Kurani. Mchumba wangu alivunja posa, lakini huyo sikumlilia sana, alikuwa na mdomo mbaya. Vile vyuma viliondoka mchana kweupe, ndani ya vikapu vya ndizi mbivu, vichwani mwa wanawake wanaokwenda kukamua pombe. Nami nilibeba kikapu kimoja, shingo ikaniuma wiki nzima. Vilikwenda wapi? Usinitazame hivyo, sikwambii.

Lakini mimi nilikuwa nachemka. Kila nilipomwona mtu anapita dukani bila kumsalimu baba, nilitaka kupiga kelele. Siku moja nikamwambia, "Baba, Ijumaa nasimama mlangoni mwa msikiti, nawaambia wote."

Sijawahi kumwona amekasirika vile, hata siku ya askari.

"Utamwambia nani? Utamwambia anayenipenda, naye atamwambia anayemjua shaushi. Zuhura, nilikunywa mbele ya watu ili wasadiki. Sasa wamesadiki, wewe unataka kuniharibia kazi?"

"Na Mungu je, baba?"

"Mungu alikuwepo," akasema, na akarudi kupima chumvi.

Mdachi akaja kuondoka, akaja mwingine mwenye bendera nyingine, naye akapenda vitu vya kale vile vile. Baba akanikataza tena kusema. Alipofariki, wazee wawili walibishana mbele ya jeneza kama inafaa mlevi asaliwe. Juma akawasukuma pembeni akasalisha. Nililia siku ile, mwanangu, na nisikufiche, nililia kwa ubishi wa wale wazee kuliko kwa kifo chenyewe.

Juzi umerudi kutoka Bweranyange na wanafunzi wenzako. Umeniambia mlionyeshwa hata msingi wa nyumba kule Kafuro, na yule mzee aliyewatembeza akawapa kisa cha maalim aliyeficha pombe nyuma ya jiko. Umenisimulia huku unacheka, hukujua unamcheka baba yake bibi yako. Nimekasirika kidogo, nakiri, ila si kwako. Wala si kwa yule mzee, naye amepokea alichopewa.

Sasa shika hili. Nenda kwenye hayo magofu na makaburi ya wafalme, nenda kila upatapo nafasi, nchi hii ni yako na hutaijua ukikaa chumbani. Lakini ukiambiwa habari ya mahali, jiulize kwanza ilisemwa mbele ya nani. Kama ilisemwa mbele ya mwenye bunduki, chimba zaidi. Kile kisa ulichopewa juzi ndicho kile kile alichopewa shaushi, na mpaka leo kinalinda vile vyuma. Waulize na wanawake, maana ndio waliobeba vikapu. Na pakitajwa mtu aliyepoteza jina lake, usiwahi kucheka. Tafuta alilipa jina hilo kwa ajili ya nini. Mengine utayajua na utayanyamazia, kama nilivyonyamaza mimi, mpaka wote wanaoweza kuumia wawe wamelala.

Leo wamelala wote. Mungu akupe umri, akupe macho ya kuona na ulimi usio na haraka, akuepushe na aibu usiyostahili, na ikikufika akupe moyo wa kuibeba. Ukirudi Kafuro, simama kwenye ule msingi umsomee Fatiha. Msomee kwa sauti, mwanangu, watu wasikie.