Majibu ya Nashipae Niliyoyasoma Kinyume

Niliondoka Kitengela Ijumaa moja asubuhi kwenda Kajiado kumwambia mke wangu kwamba nilikuwa nimekosea. Ningeweza kupiga simu, lakini kwa wiki tatu hakuwa akipokea simu zangu, na hata angepokea, maneno niliyokuwa nayo hayakuwa ya kusemwa kwa simu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari. Mke wangu, Nashipae, ni fundi wa nguo, na ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya ya kanisa letu. Mwaka jana alianza kupunguza mwendo. Alilala mapema na kuamka amechoka. Uso ulimvimba, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, na sauti ikawa nzito, ya kukwaruza, mpaka akawaachia wengine kwaya. Siku moja alirudi kutoka kliniki na karatasi ya majibu ya damu na vidonge vidogo vyeupe.

“Wewe ndiye unajua namba, Baba Mwende,” aliniambia, akiniita kwa jina la binti yetu aliye shule ya bweni. “Niangalilie hii.”

Nikaangalia. Mstari wa kwanza ulisema TSH, thelathini na nane, na kando yake pameandikwa kwamba iko juu. Kiwango cha kawaida kiliishia kwenye nne na kidogo. Nilichungulia simu, nikaona kwamba TSH ni homoni ya mambo ya tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni, nikaridhika. Nilimweleza kama ninavyoeleza darasani: homoni yako imezidi karibu mara tisa, na hawa watu wanakupa vidonge vya kuongeza homoni. Wanamwongezea mtu kitu ambacho tayari kimemzidi! Nikavichukua vile vidonge nikavimwaga chooni mbele yake. Karatasi ilikuwa na mstari wa pili, wa T4, ulioandikwa kwamba iko chini. Sikuusoma.

Miezi mitatu ilipita. Jumapili moja tulikuwa na ushirika wa kanisa nyumbani kwetu, na Nashipae akachelewa kuleta chai. Nikasema kwa sauti, ili wageni wasikie, “Mke wangu siku hizi ukimtuma chai leo, utakunywa kesho.” Watu wakacheka. Na yeye akacheka kidogo, amesimama mlangoni na sinia. Wiki hiyo mama yake alikuja kutoka Kajiado akamchukua. Nitasema ukweli wote: gari lilipoondoka, nilisikia nafuu.

Aliyenifungua macho ni Madam Achieng, anayefundisha bayolojia. Nilikuwa nalalamika ofisini kuhusu mke aliyenikimbia na kliniki iliyompa dawa kinyume na majibu yake, akaniomba picha ya ile karatasi. Aliitazama kwa muda mrefu.

“Mwalimu, hii TSH haitoki kwa thairoidi. Inatoka huku juu, chini ya ubongo. Inaenda kuiambia tezi ifanye kazi. Wewe ukiita mwanafunzi na haitiki, unafanya nini?”

“Naongeza sauti.”

“Sasa hii thelathini na nane ni sauti imeongezwa. Mtoto haitiki. Tezi yake imelegea, ndiyo maana hii T4 hapa chini iko kidogo.” Kisha akauliza, “Ile dawa anakunywa, ama?”

Nilimwambia ndiyo. Nilimdanganya hapo hapo, halafu nikaenda kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu.

Saa mbili asubuhi nilikuwa barabara ya Namanga. Nimepita njia hiyo mara nyingi kwenda kwa wakwe, na kwa kawaida naangalia ng’ombe na viwanja vinavyozidi kuzungushiwa ua. Siku hiyo sikuangalia. Nilikuwa napanga hotuba. Kufika Isinya, hotuba ilikuwa na sababu nne za kwa nini mtu yeyote angeweza kukosea namba ile. Baada ya Isinya, pale uwanda unapofunguka na upepo kuanza kusukuma gari, niligundua kwamba sababu zote nne zilikuwa zinanihusu mimi. Hakuna hata moja iliyomtaja Nashipae.

Saa nne nilishuka Kajiado mjini, nikaingia duka ambamo hununua sukari na majani ya chai kila ninapokwenda kwa mama mkwe. Mwenye duka ananijua.

“Mama Mwende anaendeleaje?” aliuliza huku akifunga sukari. “Alipita hapa juzi. Kusema ukweli sikumtambua, mpaka akaniita jina.”

Nilisema anaendelea vizuri. Huo ulikuwa uongo wa pili. Nilipotoka nje nilisimama kando ya ukuta nikajiambia kwamba wa tatu hautakuwapo.

Saa tano pikipiki iliniacha kwenye lango la miiba la mama mkwe wangu, mwendo mfupi nje ya mji. Yeye mwenyewe alikuwa akitoa mbuzi wawili wagonjwa zizini.

“Takwenya, yieyo,” nilimsalimu kwa Kimaasai, nikimwita mama.

“Iko,” alijibu, kama inavyopasa. Akapokea sukari, akaishika tu mkononi. “Umekuja kuchukua mfanyakazi?”

“Hapana, yieyo. Nimekuja kuomba msamaha.”

“Mimi si mgonjwa. Mgonjwa ako pale.”

Jua lilikuwa kali hata nilikuwa nimevua koti. Nashipae alikaa kwenye kigoda katikati ya jua hilo, amevaa sweta mbili na kujifunika blanketi hadi shingoni. Mikono iliyolishikilia ilikuwa imevimba, na pete ilikuwa imehamishiwa kwenye uzi shingoni. Alinitazama bila kushangaa. Nilikaa chini, kwenye vumbi, mbele yake. Hotuba yote ilikuwa imenitoka.

“Ile karatasi niliisoma kinyume,” nilisema. “Dawa ilikuwa sawa. Mimi ndiye nilikukosesha.”

Maneno yake yalikuja moja moja, kama ya mtu anayepanda mlima.

“Kwa hivyo niko mgonjwa kweli?”

“Ndiyo.”

“Si uvivu?”

“Si uvivu, Mama Mwende.”

Machozi yakamtoka. “Kila asubuhi nilikuwa naomba Mungu anitoe uvivu,” alisema. “Nilikuwa namwambia, huyu mwanaume ana haki, nirekebishe.”

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu amesikia yote. Hakunikemea. Aliingia ndani, akatoka na viatu vya binti yake, akapiga magoti akamvisha.

Saa saba tulikuwa hospitalini mjini, sote watatu kwenye benchi. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa dada yangu mdogo. Alimpapasa Nashipae shingo, akahesabu mpigo wa moyo, akakunja uso, akaomba majibu ya zamani.

“Hapa inaonyesha ulianzishiwa dawa. Nini kilifanyika?”

Mke wangu, kwa ile sauti ya kukwaruza, akasema, “Nilisahau kukunywa, daktari.”

Alikuwa ananifunika. Baada ya yote, mbele ya mgeni, alichagua kujiita mzembe ili mimi nisiaibike. Na ninaungama kwamba kwa muda mfupi, muda wa pumzi moja tu, niliuacha uongo huo upite. Ulikuwa umenikaa vizuri kama koti langu mwenyewe.

“Hakusahau,” nikasema. “Ni mimi nilimwachisha. Vidonge nilivimwaga.”

Daktari aliacha kuandika. “Wewe unafanya kazi gani?”

“Mwalimu wa hesabu.”

“Mwalimu, mtu akiachwa hivi kwa muda mrefu, moyo unazidi kupunguza mwendo, mwili unapoa, anaweza kulala asiamke. Umeshukuru Mungu?”

Alinigeuzia kisogo, na kuanzia hapo aliongea na Nashipae peke yake. Alimwambia tezi yake imechoka, na kidonge kinafanya ile kazi tezi imeshindwa. Akinywe kila asubuhi kabla ya kula, kwa maji matupu. Chai ya maziwa ingoje kama saa moja. Asitarajie miujiza kesho, kwa kuwa mwili huamka polepole, na huenda dawa akainywa maisha yake yote. Baada ya wiki sita arudi kupimwa tena, ili kipimo cha dawa kirekebishwe. “Na usiache kwa sababu umesikia nafuu,” alisema. “Wala kwa sababu ya mtu.”

Saa kumi, nje ya lango la hospitali, nilimwuliza mke wangu kama twende nyumbani.

“Sitarudi sasa,” alisema. “Nitakaa kwa mama mpaka hizo wiki sita ziishe. Lakini wewe uko na kazi huko. Wale watu walicheka, uwaambie.”

Nilirudi Kitengela peke yangu, jua likizama upande wa Ngong. Jumapili ushirika ulikuwa kwa jirani. Nilisimama kabla ya maombi nikawaeleza yote, pamoja na choo. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mzee mmoja aliinuka akatoka nje, na mpaka leo hanisalimii kama zamani. Sina malalamiko.

Kila Jumamosi nilikwenda Kajiado kumwona, na wiki ya sita nikamsindikiza hospitalini. Uso wake ulikuwa umeanza kurudi, na sweta ilikuwa moja. Daktari alipotoa majibu mapya, TSH ilikuwa imeshuka sana, ingawa bado ilikuwa juu ya kawaida. Nashipae aliuliza kuhusu kila mstari, mpaka wa mwisho, na akauliza pia kama kile kidonge kitaongezwa na kwa nini. Mimi nilikaa kando nimefumba mdomo.

Nilichojifunza si kusoma TSH. Hilo Madam Achieng alinifundisha kwa dakika mbili. Nilijifunza kwamba kwa mwaka mzima mke wangu alikuwa akiniambia anaumwa, kwa mikono, kwa nywele, kwa sauti, na mimi nilikuwa nikimsahihisha.

Tulipotoka, aliikunja karatasi akaitia mkobani mwake. Kisha akasema ana njaa, na kwamba angependa kurudi nyumbani Jumanne, si kabla.