Watoto wa Kiingereza Waliovushwa Bahari

Nakumbuka mchana mmoja, Rehema mwanangu, tumekaa barazani Kaole, mama yangu anasuka ukili wa mkeka, mimi namchambulia ukindu, akapiga hodi Sista. Mwingereza huyo, mrefu kama mnazi, akifundisha shule ya masista mjini. Alikuja kuniombea nikasome.

Mama hakuinua hata macho. "Aende kwenu arudi na msalaba shingoni? Usiache mbachao kwa msala upitao. Kunywa maji, Sista, uende zako."

Sista akacheka, akakaa palepale chini. Akasema kwao Uingereza, zamani za mababu wa mababu, Wakatoliki walikatazwa kuwa na shule. Wazazi wakawavusha watoto bahari kwa siri, majina wamebadilishwa, mpaka Ufaransa, wakasome dini yao ugenini. Mzazi akigundulika, anaadhibiwa. Na waliorudi wakiwa mapadri, wengine waliuawa.

Mama akaweka ukili chini. "Waingereza? Hawa hawa waliotutawala?"

"Hawa hawa, mama."

"Na waliowakataza, dini gani?"

"Wakristo pia."

"Lo! We Sista, usinichezee shere. Mkristo amkimbie Mkristo?" Akawaza, kisha akamtumbulia macho. "Basi hofu ya mzazi kunyang'anyiwa mtoto dini yake waijua. Mbona wamtaka wangu?"

Sista akawa mwekundu kama tungule. Mwisho akasema, "Nakuahidi, wakati wa sala zetu atakaa nje."

"Na alasiri atakwenda chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani. Siku nikimsikia anaimba nyimbo zenu, nakuja mwenyewe na mwiko!"

Basi nikaenda. Wenzangu wakisali, mimi nje natazama kunguru. Nilisoma mpaka nilipovunja ungo, nikawekwa ndani kama wari wote, kalamu ikaishia hapo. Lakini haya nayaandika kwa mkono wangu, na Kurani naisoma vilevile. Nani mwingine wa rika langu hapa mtaani awezaye yote mawili?

Ila jambo lile silielewi hadi leo. Mtu ambaye wazee wake walinyimwa shule kwao, mbona akavuka bahari kuja kuijenga mlangoni kwa wenzie? Huruma, au kusahau? Na mama alimwamini kwa lipi? Nikiliwaza, kichwa chazunguka kama pia.

Sasa umepata nafasi ya bweni shuleni kwa masista. Baba yako anataka, ami yako wa Kerege anapiga kelele utapotea, nawe walia katikati. Mwanangu, ami yako si mjinga. Anachokiogopa, hata Wazungu walikiogopa. Mchukueni muende naye. Mbele yake waulizeni masista: wakati wa sala utakuwa wapi? Ramadhani daku utalipata? Msitafute mwenye majibu yote. Sista wangu alikosa jibu, lakini ahadi yake hakuivunja hata siku moja. Wakiahidi, kasome. Wakivunja, rudi nyumbani, usione haya. Na dini ya mwenzio usiicheke, kuna watoto walioivukia bahari.

Nenda, mwanangu. Mola akufungue kifua, akulinde ugenini, akurudishe kwetu ukiwa Rehema yuleyule.