Waya Usiopimwa kwa Mizani

Miaka ile ya tisini nilikuwa nikifundisha hesabu katika shule ya wasichana Lodwar, huku nikisomea shahada kwa njia ya posta. Masomo yalinijia kwenye bahasha nami nikawa nayamudu, mpaka ilipofika ile iliyotaka nitafute uzito wa waya uliopinda, mwembamba upande mmoja na mnene upande mwingine. Niliisoma hadi karatasi ikalegea mikunjoni. Mjini kote sikupata wa kumuuliza.

Jirani yangu, muuguzi aliyekuwa akienda Kakuma kikazi, aliniambia kambini kuna Msudani aliyewahi kufundisha chuo kikuu kwao. Kisha akashusha sauti. "Lakini jihadhari. Huko kila mwenye miwani ni profesa."

Jumamosi moja nilipata lifti kwenye lori la chakula cha msaada. Nilimkuta mtu huyo ameketi mlangoni pa kibanda chake cha udongo, mrefu, mwenye chale kwenye paji la uso. Majirani walimwita ustadhi, yaani mwalimu kwa Kiarabu chao. Nilipomweleza shida yangu hakunikaribisha kiti.

"Nani ametuma wewe?" aliuliza.

"Hakuna. Mimi ni mwalimu, nataka kufundishwa."

"Mwalimu wa serikali anatoka Lodwar kuja kuuliza mkimbizi hesabu?"

Mimi nami sikumwamini. Nilimuuliza alifundisha wapi, akasema Juba. Baadaye kidogo, bila kujua, akataja darasa lake la Khartoum. Hayo niliyaweka moyoni. Ilipita miaka kabla sijasikia kwamba chuo chenyewe kilihamishwa na vita kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Hata hivyo hesabu aliijua. Alichukua kipande cha waya wa ua, akakisugua kwa tupa mpaka kikachongoka kuelekea ncha moja, kisha akakipinda nusu duara na kukitia alama za wino. "Kama waya iko sawa mwili yote," alisema, "unapima urefu, unazidisha na uzito wa sentimita moja, kwisha. Hii haiko sawa. Sasa kata kwa akili. Kipande kidogo, tena kidogo, mpaka ndani yake unene haina nafasi ya kubadilika. Chukua uzito wa sentimita moja kwa unene wa hapo, zidisha na urefu wa hiyo kipande. Halafu jumlisha yote, ncha mpaka ncha." Tukaugeuza mpindo wote kuwa pembe moja inayotembea kutoka sifuri hadi nusu duara, na lile lililonitesa likafunguka mbele ya macho yangu. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Yeye hakucheka. Alinipa waya na makaratasi, akatazama njiani mpaka nilipopotea.

Kwenye kizuizi cha kutokea Kakuma, afisa wa polisi alifungua mkoba wangu. Aliushika ule waya, akahesabu alama za wino kwa kidole, halafu akafunua makaratasi.

"Hii nyoka ni nini?" aliuliza, akionyesha ile alama ndefu ya kujumlisha.

Nilimweleza kwamba mimi ni mwalimu, na hiyo ni hesabu ya kutafuta uzito wa waya.

"Mwalimu, ukitaka uzito wa waya, si uweke kwa mizani?"

Lilikuwa swali la haki, nami nikataka kulijibu vizuri. Nikasema, "Na ule ulio juu ya nguzo, utauwekaje kwenye mizani?"

Uso wake ukabadilika. Sikujua kwamba nyaya za simu zilikuwa zikikatwa kwenye barabara ile, na kwamba yeye alishaanza kufikiria eriali ya redio na watu wa ng'ambo ya mpaka. Lori liliondoka bila mimi. Nilipelekwa kituoni, nikaketi kwenye benchi, nikawaambia aliyenipa ule waya ni nani, nao wakamtuma askari kumleta ustadhi.

Alikuja akiwa ameshika mikono yake kifuani kama mtu mwenye baridi, na jua lilikuwa kali. Afisa alimuuliza kama ananijua. Alinitazama usoni.

"Sijui huyu mama," alisema.

Nilimwona mwongo wa mwisho, nikaanza kujiuliza kama ni kweli alikuwa mwalimu, na kama makaratasi yale yalikuwa hesabu tupu. Aliyenitoa ni fundi wa simu aliyeitwa kuutazama waya. Aliukwangua kwa kisu. "Yetu ni shaba," alisema. "Hii ni chuma ya ua." Afisa alinirudishia makaratasi. Waya akabaki nao.

Nilikaa muhula mzima bila kurudi Kakuma. Lakini bahasha iliyofuata ilikuwa ngumu kuliko ile, na hasira yangu haikunisaidia kuitatua. Nilirudi. Safari hii ustadhi alinitolea kigoda mwenyewe.

"Kwetu pia askari waliniuliza kama najua mtu fulani, kwa upole," alisema. "Nikasema najua mtu. Huyo mtu sikumwona tena."

Niliketi, nikafungua bahasha. Alinifundisha kwa kijiti kwenye mchanga, na kila tulipomaliza mstari aliufuta kwa kandambili kabla hajaandika mwingine. Mtu akipita karibu tulinyamaza sote wawili. Nami nikajikuta nawatazama wapita njia kama alivyowatazama yeye.

Mtihani niliufanyia Kitale. Waya ulikuja, safari hii umejisokota kama springi, nikaupatia uzito wake. Niliporudi Kakuma kumwambia, kibandani mlikuwa na familia nyingine. Jirani mmoja alisema ustadhi amepelekwa ng'ambo, mwingine alisema amerudi vitani. Aliyesema la pili aliniuliza namtafutia nini. Nikasema nimepotea njia, nikaenda zangu.